Tochi ya Betri Moja

Mwanangu Yasinta,

Marahaba. Najua hujanisalimia bado. Umelala, na mguu wako umetoka nje ya blanketi kama ulivyozoea tangu mdogo. Lakini kesho alfajiri kutakuwa na mbio za kuwahi basi Katesh, na shikamoo ya mbio mimi siipendi. Kwa hiyo nimeipokea sasa hivi. Ukitaka kunipa nyingine kesho, nitaipokea pia.

Mambo ya chakula, ya nguo za baridi, ya kanisa, ya watu wa kukaa nao na watu wa kuwakwepa, mama yako ameshayasema yote tangu juzi, na mengine ameyarudia mpaka nikatoka nje kwenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote. Siingilii kazi yake. Mimi nina jambo moja tu, na jambo hilo liko katika mkono wangu wa kushoto.

Ni tochi yako. Nimeiwasha ulipoingia kulala na sijaiweka chini hata kidogo. Naandika kwa mwanga wake. Karatasi nimeikandamiza kwa kopo la sukari, maana mkono mmoja ndio unaoandika na wa pili ni wa tochi, kwa hiyo usicheke mwandiko. Ninachofanya hapa ni kuijaribu. Mita ya kupimia umeme inasema ni nzima. Macho yanasema ni nzima. Lakini mimi siku hizi siamini mita wala macho, naamini kiganja. Nitaishika mpaka barua iishe, na nimekusudia iwe ndefu, ili tochi ikae mkononi kama inavyokaa mkononi mwa mkunga mama anapochelewa kujifungua. Ikipata moto kabla sijamaliza, utaondoka kesho bila tochi. Nitaitumbukiza chooni, na barua hii nayo itaifuata.

Kichwa chake kimeanza kuwa na joto kidogo. Hiyo ni taa yenyewe, haina neno. Ninachopima ni tumbo lake, pale betri ilipolala. Hapo bado ni baridi kama mpini wa jembe asubuhi.

Jumapili ulipotoka kanisani ukakaa pale jikoni ukaniambia, "Baba, nitengenezee tochi," hukuona nilivyoshtuka, au uliona ukanyamaza. Ulisema zahanati uliyopangiwa kule Mbulu sola yake inachoka kabla ya alfajiri, na tochi za dukani ukiwa nazo kazini zinazimika kila mara, na wajawazito hawasubiri jua. Ulisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi. Mama yako akainuka akatoka. Akachukua ndoo iliyojaa maji akaenda kuchota mengine.

Wewe unajua kwa nini alitoka. Na mimi najua kwamba unajua. Lakini katika miaka yote hii sijawahi kulisema kwa mdomo wangu mbele yako, nimewaachia wengine wakusimulie. Nimekaa na wewe meza moja, nimekupeleka shule, nimekuja mahafali yako ya uuguzi nimevaa koti la kuazima, na neno hilo sijalitoa. Ni aibu. Sina neno lingine la kuliita.

Sasa sikia.

Mimi nilikuwa fundi wa tochi kabla ya kuwa fundi wa kitu kingine chochote. Hapa Hirbadaw na mpaka mnadani Katesh watu waliniita Baba Tochi, na jina hilo nililipenda kuliko jina la ubatizo. Majirani zetu wafugaji, Wabarbaig, walikuwa wakiniletea zile tochi kubwa za bati, za betri tatu nene, wanalalamika kwamba fisi anaingia zizini na tochi inatoa mwanga wa njano kama macho ya mgonjwa. Betri za dukani zilikuwa hazikai. Ndipo nikagundua betri za kompyuta mbovu, zile ndefu ndefu zinazofanana na kidole, ambazo mtu wa Babati alikuwa akizitupa. Ukizipasua zile pakiti ndani unazikuta zimepangwa, na nyingine bado zina uhai. Moja ina nguvu karibu ya betri tatu za kawaida. Nikaanza kuzitia kwenye tochi za watu. Zilikuwa nyembamba, zinachezacheza ndani, nikazizungushia magazeti zikakaa. Zilikuwa fupi, nikajazia kipande cha mti chenye waya. Nikabadilisha taa. Loo! Mwanga ulikwenda mpaka ng'ambo ya korongo. Mzee mmoja alisimama hapo nje akamulika mlima, akaapa kwamba ameona mawe ya juu kabisa. Alikuwa anadanganya, lakini nilifurahi siku nzima.

Moja ilitosha. Hilo ndilo ninalotaka ulielewe. Moja ilitosha kabisa. Lakini kwa tochi yangu mwenyewe, ya Baba Tochi, nilitaka iwe kiboko ya zote. Nikatia mbili, moja nyuma ya nyingine. Na mbili za kufanana sikuwa nazo. Nilikuwa na moja nzuri, ya rangi ya zambarau, na nyingine ya kijani iliyotoka pakiti tofauti, iliyochoka, ambayo nguo yake ya plastiki ilikuwa imechanika begani. Nikaifunga selotepu. Ikawa inatoa mwanga kidogo halafu inalegea.

Hapa ndipo unapoingia wewe, na hapa ndipo naomba usome polepole.

Kiangazi, unakumbuka, tulikuwa tunaanika betri za redio. Kila nyumba ilifanya hivyo. Unazipanga juu ya paa la tembe pembeni ya mahindi, jua linazipiga, jioni unazirudisha na redio inaimba tena kwa muda. Mama yangu alifanya hivyo, na nikarithi. Ilikuwa kazi yako kwa sababu ulikuwa mwepesi wa kupanda. Siku ile nikakupa betri za redio pamoja na ile ya kijani. Ukaigeuzageuza mkononi, ukaniuliza, "Baba, na hii nayo inaanikwa?" Ulikuwa na miaka kumi hivi, na ulikuwa umeona kitu ambacho fundi mzima hakukiona, kwamba ile haikuwa ndugu wa zile nyingine. Mimi nilikuwa na haraka, na nilipenda kuonekana najua. Nikakujibu, "Betri ni betri. Anika."

Ukaanika. Siku nyingi mfululizo uliianika, kwa sababu nilikutuma.

Betri si betri, Yasinta. Ile ya redio ni kavu, ikipata joto inajikongoja kidogo, haina madhara makubwa. Hii ya kuchaji ni kitu kingine kabisa, joto linaiharibu ndani polepole wala huoni. Lakini hata jua peke yake labda lisingeleta msiba. Msiba ni kuzifunga pamoja. Umewahi kuona nikilima na maksai wawili, mmoja mzima na mwingine mgonjwa? Yule mzima havuti jembe peke yake, anamburuta na mwenzake. Betri yenye nguvu ikifungwa nyuma ya iliyochoka, ile iliyochoka inakwisha kwanza, na mwenzake haachi kusukuma. Umeme unapitishwa kwa nguvu ndani ya kitu kitupu. Hapo ndipo kinapochemka. Na mimi sikuwa najua. Nilijua kuunganisha waya tu, nikadhani ndiyo elimu.

Nimehamisha kidole gumba sasa hivi. Tumbo la tochi bado ni baridi. Naendelea.

Ilikuwa masika, na ilikuwa mchana. Mtu akisikia habari ya tochi anafikiri ni usiku, lakini wewe uliyekulia kwenye tembe unajua kwamba chumba cha ndani hakina mchana. Mama yako alishikwa na uchungu kabla ya wakati wake. Mvua ilikuwa imekata barabara, korongo limejaa, pikipiki haipiti. Nikamkimbilia Bibi Ana, mkunga wetu wa zamani, akaja na kanga kichwani imelowa chapachapa. Akaingia kule ndani. Akasema, "Hapa sioni hata mikono yangu. Leteni taa." Nikakuambia, "Yasi, kimbia, lete tochi ya baba." Ukakimbia ukaitoa kwenye msumari wake. Ilikuwa na tope, na ukaifuta kwa gauni lako kabla ya kuiingiza. Nakumbuka ulivyoifuta. Hilo gauni la njano siwezi kulisahau.

Mimi nilibaki mlangoni, mwanaume haingii. Nilikuwa na wasiwasi wa mke wangu, lakini, Mungu anisamehe, nilikuwa pia na majivuno. Nilikuwa nasubiri Bibi Ana aseme neno kuhusu mwanga ule. Akasema kweli. Akasema, "Ee, leo naona kama nje." Nikatabasamu pale mlangoni peke yangu, mjinga mimi.

Kazi ikawa ndefu. Baada ya muda akaita, "Baba Yasinta, chombo chako kinapata moto!"

Nikajibu, "Shikilia tu, Bibi! Ni kawaida yake, ina nguvu!"

Akanyamaza. Kisha akaita tena, na safari hii sauti ilikuwa nyingine. "Kinanichoma!"

Nikamwambia, "Badilisha mkono!"

Nimeyaandika maneno hayo na imenibidi nisimame kidogo. Badilisha mkono. Yeye ndiye aliyeishika, yeye ndiye aliyekuwa anaungua, na mimi niliyesimama nje mikono mitupu ndiye niliyemfundisha kwamba si kitu. Kosa la betri nilikuwa silijui. Kosa la mdomo nililijua hata wakati ule nalifanya. Nilisikia kwamba anaumia. Nilisikia vizuri kabisa. Ila kama ningesema "itupe", ningekuwa nimekubali kwamba Baba Tochi ametengeneza kitu kibovu.

Ikapiga mluzi kama sufuria yenye mfuniko. Halafu ikatema moto. Bibi Ana akaitupa chini na ngozi ya kiganja ikaenda nayo. Moshi mweupe, mchungu, ukajaa chumba, hakuna anayeona wala kupumua. Tukamburuta mama yako kwenye ngozi ya ng'ombe mpaka chini ya ukingo wa paa, na mvua inamwagika pembeni yake. Hapo ndipo mdogo wako wa kiume alipozaliwa. Hakulia. Bibi Ana alimpulizia mdomoni, akamgeuza, akampiga nyayo, akamsugua mgongo, vyote kwa mkono mmoja wa kushoto. Mkono mmoja. Ule mwingine aliuning'iniza mvuani.

Alipoacha, alimfunika mtoto uso kwa kanga yake. Wewe ulikuwa umesimama kwenye kona ya ukuta, gauni lina tope la tochi kifuani.

Bibi Ana aliniambia baadaye kwamba yule mtoto alikuwa amechoka tangu tumboni, kwamba hata kwa mwanga wa jua asingekaa. Labda ni kweli. Labda alinihurumia, alikuwa na moyo huo. Sijui, na sitajua mpaka nafukiwa. Wewe umesoma, labda ungeweza kunipimia uwezekano wake. Usinipimie. Sitaki.

Unaijua desturi yetu. Nyumba iliyopatwa na jambo kama lile hukaa peke yake. Watu hawaingii, hawaazimi jembe wala moto, ukipita njiani wanakupisha kwa mbali mpaka muda wake uishe. Siku hizi mapadri wanasema tuache, na wengi wameacha, lakini wakati ule tuliishika. Ulikaa nyumbani bila shule. Mama yako alilala akiangalia ukuta. Hakuna aliyeniletea tochi wala redio. Nikabaki na kitu kimoja tu cha kufanya, nikakifanya. Niliichukua ile tochi iliyoungua, nikaipasua kwa koleo nyuma ya zizi. Ya zambarau ilikuwa karibu nzima. Ya kijani ilikuwa imepasuka tumbo, imekuwa makaa. Nilikaa pale na makaa yale mkononi mpaka ng'ombe wakarudi. Nikakumbuka sauti yako ikiuliza, "Na hii nayo?"

Kila nilichojua baadaye kuhusu betri nilikijua kwa kuanzia hapo. Niliharibu nyingi, nje, karibu na ndoo ya mchanga, napima, nashika, nasubiri. Nimejifunza vizuri. Fundi mwenzangu wa Basotu ananiletea kazi ngumu. Lakini elimu ile ilikuja ikiwa imechelewa, na tochi za kutia betri mbili sijatengeneza tena. Nilijifanya nimehamia kwenye redio na simu kwa sababu ndiko kwenye wateja. Uongo.

Mama yako tangu siku ile hajagusa tochi yoyote iliyopita mkononi mwangu. Umeona mwenyewe. Alitumia kibatari, kisha akaanza kutumia mwanga wa simu. Hajawahi kunilaumu hata siku moja kwa maneno, na afadhali angelaumu. Ukimpa tochi akamulikie ndama, anasema, "Nitaona tu," anaondoka gizani anajikwaa. Tumelala kitanda kimoja miaka yote hii na kitu hiki katikati.

Na wewe. Nilikuona. Baada ya yale, kila nilipoweka betri mezani ulikuwa unainuka. Ulikataa kupanda paa. Nikasema moyoni, ni mtoto, atasahau. Lakini ulipoanza kusema unataka uuguzi, na si uuguzi tu, bali wa wazazi, watu wakasifu, mwalimu wako akasifu, na mimi peke yangu nilikaa nikajua mtoto wangu anatembea na mzigo ambao si wake. Nilijua unafikiri ni mkono wako ulioianika na mkono wako ulioileta. Nilijua, Yasi, na nikanyamaza, kwa sababu kukuambia si wewe kungenilazimu niseme ni nani.

Ni mimi. Wewe uliuliza. Mtoto wa miaka kumi aliuliza swali sahihi na akajibiwa upuuzi na baba yake. Uliianika kwa sababu ulitumwa, uliileta kwa sababu ulitumwa, na uliifuta tope kwa sababu ulikuwa mtoto mwema. Soma hapo mara ya pili kama utahitaji. Uuguzi ufanye kwa sababu unaupenda. Kama unaufanya ili kulipa, hakuna unachodaiwa.

Haya. Kuhusu hii tochi.

Ni ya betri moja. Utakuta ni ndefu kuliko inavyohitaji, kwa sababu bati lake lilikuwa la betri tatu, lakini ndani nimeweka kipande cha bomba la maji, na betri inakaa humo bila kucheza wala kugusa bati. Sehemu iliyobaki ni mti mgumu wenye waya mnene wa shaba, usiuone ukadhani ni takataka. Betri yenyewe ni mpya, si ya kuokota, na chini yake ina kisahani kidogo kinachoikatia umeme ikizidiwa. Nguo yake ikichanika hata kidogo, usiifunge selotepu ukasema inatosha. Mwili wote wa betri hii ni upande mmoja wa umeme, kasoro ile chuchu ya juu, na ikigusana na bati pale begani umeshawasha moto. Itoe, isikae na funguo wala sarafu mfukoni, na iache.

Siku ukikosa pa kuchaji, kuna kibebeo cha pili nimekifunga kwenye kitambaa. Hicho ni cha betri tatu ndogo za dukani, zile za rimoti. Taa niliyoweka inavumilia zote mbili. Lakini ni hiki au kile, kamwe usichanganye. Na zile tatu ziingie pamoja zikiwa mpya, za aina moja, zilizotoka pakiti moja, na zitoke pamoja. Utakuja kuona moja bado ina nguvu, utaionea huruma. Itoe hata hivyo. Na usimwanikie mtu yeyote betri juu ya paa, hata akikuambia mama yake alifanya.

Hayo ndiyo ya ufundi. Yamebaki machache, nayo sijui hata kuyasema. Utakuwa na mtu kitandani anakuambia kunamuuma, kunamchoma, kitu hakiko sawa. Na wewe utakuwa umesoma, umechoka, umeona wengi, na mdomo wako utataka kusema ni kawaida. Mara nyingi itakuwa ni kawaida kweli. Mimi sijui kazi yako. Najua tu kwamba nikikumbuka siku ile, moto siukumbuki sana. Nakumbuka ule ukimya wa Bibi Ana baada ya mimi kumjibu mara ya kwanza. Alinyamaza kwa sababu aliniamini.

Alikufa bila kukunjua vidole vile, unakumbuka. Alikuwa akisalimia watu kwa mkono wa kushoto, na wageni wakidhani ni dharau.

Sasa kuna jambo. Nimefika hapa na mkono wangu unasikia joto.

Nilipomtaja Bibi Ana nilianza kulisikia, nikaendelea kuandika nikidhani ni mawazo. Si mawazo. Kiganja kina joto na tumbo la tochi lina joto. Nimeihamishia mkono wa kulia, kalamu nimeiweka. Nimeigusisha shavuni. Sijui. Inaonekana vuguvugu, lakini nimeikumbatia kwa muda mrefu na kitu chochote ukikikumbatia kinachukua joto lako. Au inaanza. Hata ile ilianza hivi hivi. Nimepima mwenyewe kila kitu, betri ni moja, haina wa kugombana naye, haiwezi kufanya hivi. Lakini ndivyo nilivyosema siku ile, kwamba najua.

Nimekaa nayo. Jasho limenitoka kwenye baridi hii ya Hanang. Mtu mzima, mvi kichwani, sijui kama tochi ni ya moto au si ya moto.

Yasinta, nimemwamsha mama yako. Sikuwa na mwingine. Kumbe hakuwa amelala, alikuwa amekaa kitandani na shuka mabegani, ananisikiliza ninavyopumua. Nikasimama mlangoni. Nikamwambia, "Mama Yasinta, nisaidie. Sijui kama inapata moto. Mimi siwezi kujiamini."

Akaiangalia tochi. Nikafikiri atasema niitupe. Ningeitupa.

Akanyoosha mkono.

Akaishika kwa kiganja chote, tumboni mwake, akafumba macho kama anavyofanya akimpima mtoto homa. Nikahesabu pumzi zake. Hakubadilisha mkono. Kisha akasema, "Ni ya baridi, Baba Yasinta. Mkono wako ndio una moto."

Nikanyoosha mkono anirudishie. Hakunirudishia. Akavaa kandambili, akajitanda kanga, akafungua mlango akatoka nayo.

Sasa naandika kwa mwanga wa simu. Kutoka dirishani naona mwanga ule mweupe unavyokwenda. Nilidhani anakwenda zizini kwa ndama, lakini amelipita zizi. Amekwenda mpaka kwenye ua wa minyaa, pale kwenye mawe madogo tuliyopanga juu ya mdogo wako siku ile mvuani, mimi na yeye, na wewe ukituletea moja moja. Amesimama. Anamulika chini. Mkono wake hautikisiki.

Bado amesimama pale. Sitamwita. Akirudi nayo nitaitoa betri, niifunge kwenye kitambaa chake, niiweke kwenye begi lako juu ya nguo, ili kesho uitie mwenyewe, kwa mkono wako, baada ya kuiangalia.

Baba yako